Kadi Mpya na Vifaranga wa Mama

Jumanne, Julai. Giakanja.

Bado sijaamua. Kariuki, ambaye hucheza nami jioni kwa mtandao akiwa kwao Kagio, anasema nianze kwa kununua kadi ya grafiki, ile inayochora picha za mchezo, mengine yatafuata. Mimi naona kompyuta yenyewe imezeeka. Nikiiwekea kadi mpya halafu iendelee kukwama, nitamlilia nani?

Leo nimeifungua nipime kama kadi itaingia. Feni ya kadi ya zamani ilikuwa imejaa manyoya ya vifaranga. Kumbe mwezi huu wote nalaumu kadi bure.

Ni Mama. Kwa baridi hii ameweka katoni ya vifaranga nyuma ya kompyuta, kwa sababu huko kunatoka hewa ya moto. Nilimwona akiiweka, nikaendelea kucheza.

Nimesafisha kwa brashi ya rangi hadi mgongo ukauma. Mchezo haukwami tena. Nikaona kadi ingoje, nikapumua kidogo.

Kisha Mama akaingia, akapitisha mkono nyuma ya kompyuta.

"Hii kitu yako imepoa. Umeiharibu?"

"Nimeisafisha, Mama."

"Na hawa watoto wangu watalala aje? Hiyo kadi mnaongea na Kariuki, iko na moto?"

Nikamwambia iko nao mwingi.

"Basi nunua hiyo kwanza."

Sasa macho yanajifumba, lakini mchezo nimeuacha uendelee bila mchezaji, ili kompyuta ipate joto. Vifaranga wamenyamaza. Nikizima tu, wataanza kulia.