Hema Lisilo na Matanga

Kitale,
Jumapili, baada ya kanisa

Kwa dada yangu Nelima, Matulo.

Mulembe, mtoto wa mama. Lile goti lako la kushoto linasemaje na hii mvua? Na yule ng'ombe mweusi amezaa, au bado anawadanganya? Sisi huku tunapumua. Mahindi yamefika kifuani, maharagwe yameliwa na fuko, na macho yangu yanaona ya mbali lakini ya karibu yanayakataa. Mungu hajanisahau.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Nelima, wewe simu yako unaiweka sauti ya kusikika mpaka Webuye, kwa sababu masikio yamechoka na hutaki kukubali. Haya yangu si ya kusikilizwa na wakamua maziwa wako. Mimi shule niliiona nikipita njiani tu, kwa hivyo mkono unaoandika si wangu. Maneno ni yangu yote, na nimesema yasinyooshwe. Wewe ulifika darasa la nne. Soma polepole, ukiwa umekaa.

Ni habari ya mjukuu wetu Nabwile, binti ya Mary Ann wangu, huyu ninayekaa naye tangu apate kazi kwa duka la dawa za mifugo hapa mjini. Amepata mwanamume. Anaitwa Kipkosgei, mwalimu wa sekondari, watu wao wana shamba huko juu mlimani. Walikuwa wamekubaliana wazee wake waje Bungoma kwa Mary Ann mwezi wa kumi na mbili, kuongea mambo ya mahari. Kabla ya hapo kijana akasema ampeleke msichana mahali wapumzike wawili, Ijumaa mpaka Jumapili, ndani ya msitu, kwa hema.

Niliposikia hema nikauliza nani amekufa. Si kwetu hema hupigwa uani watu wakija kulia? Nabwile alicheka mpaka akakaa chini. Akanionyesha picha kwa simu: hema kubwa kama nyumba ya pasta, kitanda chenye shuka nyeupe, mito mingi ambayo sijui ni ya vichwa gani, na nje chini ya miti pipa kubwa la mbao la kuogea maji moto. Nikamwambia sisi tulilala msitu huo tukikimbia mishale ya vita, na hakuna aliyetutoza.

Basi wakaenda. Jumamosi, jua likiwa bado kali, Mary Ann akafika hapa na Probox ya jirani yake Sifuna, macho yamevimba. Akasema ameambiwa mtoto wake amebebwa na mwanamume asiyejulikana, amefichwa msituni, analia. Aliyemwambia nitamfikia. Akaniambia mama ingia gari. Nikaingia.

Tulipita Endebess tukiteleza kwa tope. Pale getini askari akatuambia ati wageni hawataki kusumbuliwa. Mary Ann akamwambia kwamba hata yeye alizaliwa na mama, asimame kando. Askari akasimama kando.

Dada yangu, sijui niliweke namna gani. Kijana alikuwa ndani ya lile pipa, mvuke umemzunguka. Akatuona, wanawake wawili wazima wenye vitambaa vya kichwa, tunakuja mbio. Sasa huyu ni mtoto aliyelelewa vizuri. Mtu mzima akija, unamsalimia ukiwa umesimama. Akasimama. Kwa adabu, Nelima! Alisimama wima kama mkaguzi ameingia darasani, akasema shikamoo mama, maji yakimtiririka, na hana hata uzi.

Unajua mila yetu. Mama mkwe na mkwe hawapeani mkono. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kwa shamba la watu. Na Mary Ann wangu ameona yote, mchana kweupe. Alifunika uso kwa leso akakimbia bila kuangalia, akaingia kwenye upupu, akalia kwa uchungu wa pande mbili. Mimi nikabaki pale kama kisiki. Nabwile akatoka hemani na joho jeupe la kuogea, akaniangalia, uso ukabadilika. Akaniuliza kukhu, nyanya yangu, nani amekufa?



Tangu siku hiyo, wiki kadhaa sasa, nyumba zetu zimekatika. Mary Ann amejifungia Bungoma, haendi kikundi cha akina mama kanisani, anasema hawezi kula mahari ya mtu aliyemwona hivyo. Kipkosgei hapigi simu kwa aibu, na watu wake wamesema kama mama amekataa, hawaji. Nabwile na mama yake hawaongei. Anasema mama yake alimfuata kama mwizi. Jioni ananiegemea mimi, ananikatia kucha za miguu kwa sababu siwezi kuinama, ananiambia kukhu, wewe ni wa kuburutwa tu, huna kosa. Na mimi ninanyoosha mguu mwingine.

Wazee wetu wamesema jambo linaweza kuoshwa kwa kondoo na blanketi. Lakini kondoo hachinjwi juu ya uongo. Aliyempeleka mama mkwe pale ajitaje kwanza.

Ni mimi, Nelima.

Mimi ndiye nilimpigia Mary Ann. Nilijua kila kitu. Msichana alinieleza mahali, siku, mpaka chakula watakachokula, kwa sababu mambo ya mwanamume huambiwa nyanya kabla ya mama. Kijana mwenyewe aliongea nami kwa simu, akaniita kogo, hivyo ndivyo kwao wanaita nyanya, akaniomba baraka. Nikambariki. Halafu nikamsikia Nabwile akisema wakioana watahamia Nakuru. Nikaangalia miguu yangu. Nikachukua simu, nikamwambia Mary Ann mtoto analia msituni. Hakuwa akilia. Aliyekuwa akilia ni mimi, mzee mzima, juu ya kucha.

Nilitaka tu arudi nyumbani. Sikutaka ile aibu. Lakini mtu akiwasha nyasi zake hachagui upepo.

Jumamosi ijayo ninaenda Bungoma kusema haya mbele ya wote. Kondoo atakuwa yule wangu mwenye doa. Njoo usimame nyuma yangu, maana goti langu pia si la kuaminika. Nabwile akioana aende Nakuru, aende hata mwezini. Kucha nitaziacha ziote.

Sasa utajua kwa nini sikumwomba mtoto wa jirani aniandikie. Anayeandika ni Nabwile. Uso kwa uso nilishindwa, nikaona nimpe kalamu. Alipofika pale "ni mimi" alisimama, akaangalia karatasi, akatoka nje. Nikakaa peke yangu kama ninavyostahili. Amerudi. Ameleta chai, haina sukari hata kidogo, na anajua mimi ni wa vijiko vinne. Nimekunywa yote. Ameshika kalamu tena.

Wasalimie wakamua maziwa, na huyo ng'ombe mwongo. Ubaki na mulembe.

Mimi dada yako,
Nekoye
(nimeweka kidole gumba, wino amenipaka yeye)