Shahidi wa Utoto Wangu

Barabara ya Kumi na Mbili,
Ngamiani, Tanga.
7 Juni 1994

Dada yangu Mboni,

Shikamoo, na salamu nyingi zikufikie hapo Pangani wewe pamoja na shangazi. Natumai goti lake limepunguza kuuma na nazi zimepata mnunuzi. Sisi huku hatujambo kiasi. Mke wangu Khadija anakusalimu. Amenikalisha kitako niimalize barua hii leo, kwani mbili nilizokuandikia kabla ya mfungo alizikuta chini ya godoro, hazina hata stempu.

Najua habari ya Ramadhani ilikufika. Maneno ya Tanga hayangoji basi. Ni kweli. Sheikh Idarusi aliniomba niadhini Magharibi kwa siku tatu, maana mwadhini wetu alikuwa mgonjwa. Siku ya pili nilishika kipaza sauti huku nawaza mambo kumi, nikaadhini robo saa kabla ya jua kuzama. Mtaa mzima ukafuturu. Watu wana tende mdomoni, jua linawachungulia dirishani! Wote ikabidi wailipe saumu ile, na mpaka leo nikipita barazani wananiuliza ni saa ngapi, kisha wanacheka. Mimi sicheki, dada. Kazini nimeshapewa barua mbili za onyo kwa kuacha stoo wazi, na sasa kiwanda kinatafutiwa mnunuzi na orodha ya watakaopunguzwa inaandikwa. Bila cheti cha daktari, jina langu litakuwa la kwanza.

Khadija ndiye aliyesema twende hospitali. Niliona haya, kwa sababu kliniki yenyewe ni ya wagonjwa wa akili, na foleni yake iko mbele ya macho ya kila apitaye. Daktari ni mmoja, watu wamejaa mpaka ngazini. Siku hizi ni lazima uchangie gharama za matibabu, na daftari la kuandikiwa ununue mwenyewe. Mara ya kwanza nilifika Alhamisi, kumbe tarehe yangu ilikuwa Jumanne. Mara ya pili nilifika siku yenyewe, daftari nimeliacha nyumbani. Nesi akaniambia nirudi baada ya wiki tatu, nami nikakaa kwenye benchi nikataka kulia. Maradhi yangu ni kusahau, na ili nitazamwe natakiwa nikumbuke kila kitu.

Mara ya tatu Khadija alinipeleka mwenyewe kama mtoto wa chekechea. Daktari Manase alinisikiliza dakika kumi hivi, mlango ukigongwa kila mara. Alisema sina wazimu, wala sijarogwa. Alisema wako watoto ambao akili zao hazitulii mahali pamoja, na madaktari wa nje wameanza kuandika kwamba wengine hukua nayo hali hiyo. Ila yeye peke yake hawezi kunipa cheti. Kuna bingwa wa kutoka Dar es Salaam anayekuja mara moja kwa miezi mitatu, naye atafika tarehe ishirini na nane. Bingwa huyo atataka maelezo ya mtu mzima aliyenijua utotoni. Baba na mama hawapo tena. Umebaki wewe.

Maswali yake nimeyanakili kwenye karatasi ya nyuma. La mwisho linauliza ni jambo gani kubwa kuliko yote mgonjwa amewahi kulisahau, na nani aliumia. Daktari aliponiuliza, nilimtajia ile adhana. Nilimdanganya. Tafadhali, kuanzia hapa usimsomee shangazi. Soma peke yako kwanza.

Dada, mumeo Miraji alipokuacha ukaja kukaa eda nyumbani kwa baba, sote tulisema hakurudi wala hakutuma mtu. Alituma. Alinituma mimi. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Alinikuta kivukoni, akaniambia nimweleze baba kwamba amejuta, anataka kukurejea, na kama unaridhia nimpelekee jibu kabla eda haijaisha. Niliondoka mbio nikiyarudia maneno yake, nikakuta wenzangu wanacheza mpira, yakanitoka yote. Yeye akangoja. Hakuona jibu, akadhani umemkataa, akahamia Mombasa. Tangu hapo umewakatalia wachumba watatu, na kila mmoja nilimhesabu.

Lau ningesahau moja kwa moja, leo ningeandika kwa moyo mwepesi. Lakini nilikumbuka. Zilikuwa zimebaki siku nne eda yako iishe, nawe ulikuwa uani unapepeta mchele. Nikaiogopa fimbo ya baba, nikanyamaza. Siku nne nzima, dada, nilikuona ukiinua macho kila mlango ulipogongwa.

Bingwa akinipima, atajua cha kuniambia kuhusu kusahau. Kule kunyamaza hakumhusu, nimekuletea wewe. Ukishindwa kujibu nitaelewa, na tarehe ishirini na nane nitabaki nyumbani. Ukijibu, naomba uandike yote, na hilo la Miraji liandike wewe kwa mkono wako, kwa sababu mimi mbele ya daktari nilishindwa kulitaja jina lake.

Mpe shangazi salamu zangu, aniombee dua. Nakuogopa, dada, na nakupenda.

Ni mimi mdogo wako,
Zubeiri