Pointi za Daktari wa Walukuba

Walukuba, Jinja
3 Septemba 2024

Mwanangu Aber,

Nakusalimu wewe na mume wako Tonny. Baridi ya Mbale inawatendeaje? Mimi mzima, ila magoti yanalalamika, na sina pa kuyapeleka maana daktari wa mtaa huu ni mimi mwenyewe.

Usinune kwamba sipokei simu. Simu hukata maneno. Barua nampa kondakta wa basi, inafika nzima.

Nimekwama na pointi. Tangu nistaafu udaktari wa magereza nikafungua zahanati hii, kila mwaka naambiwa nihudhurie masomo, nikusanye pointi, ndipo leseni ihuishwe. Elimu haina mwisho, najua, lakini mwanafunzi anao. Semina za hotelini huwekwa asubuhi, saa ambazo benchi langu limejaa. Ndiyo maana nimejiandikisha katika darasa lako la Alhamisi, lile la kwenye simu, la vifua na mioyo ya watoto. Baba kufundishwa na binti si aibu. Desemba ikiisha kabla pointi hazijatimia, nafunga mlango, na watu hapa watabaki na maduka ya dawa tu.

Topista, muuguzi wangu, anakusalimu.

Baba yako


Mbale
20 Septemba 2024

Baba, shikamoo.

Sisi wazima. Natumaini magoti yametulia kidogo.

Jana darasani nilionyesha video ya mtoto anayehema, nikauliza, "Daktari wa Walukuba, wewe ungeanza na nini?" Nikarudia. Ikatoka sauti ya Topista: "Daktari iko na mgonjwa. Mimi nabonyeza tu hapa ya kuhudhuria, ya kujibu hajanionyesha."

Darasa zima lilicheka. Mmoja akaandika kwamba naye anatafuta Topista wake. Mimi sikucheka, Baba. Wote wanajua wewe ni nani kwangu. Natoka zamu ya wodini macho yamevimba, naingia kufundisha madaktari wanaoacha simu mezani na kwenda zao. Nikikupa wewe pointi za namna hiyo, wengine niwanyime kwa mdomo gani?

Jina lako nimelifuta. Nisamehe.

Binti yako, Aber


Walukuba
28 Septemba 2024

Aber,

Salamu zako nimezipata, na kofi lililozifuata pia.

Tulipokuwa tukiishi kwenye nyumba za askari magereza, ulikuwa ukinisubiri mlangoni unipokee begi. Leo unanifuta mbele ya watu. Sawa, afande. Sheria ni sheria. Lakini hukuniuliza kwa nini. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Usijisumbue kunijibu kama umechoka. Mimi pia nimechoka.

Daktari wa Walukuba


Mbale
4 Novemba 2024

Baba yangu,

Shikamoo. Umekaa kimya mwezi mzima, ndiyo maana Jumamosi nilikuja bila kukuarifu.

Sikukueleza yote. Kabla hujaniona nilikuwa nimeketi benchini na wagonjwa, kitambaa kichwani, na mlango wa chumba chako ulikuwa wazi. Nilikuona ukiweka stethoskopu kifuani pa mtoto, ukafumba macho, ukatikisa kichwa kama mtu aliyesikia. Kisha Topista akaichukua, akasikiliza yeye, akainua vidole viwili. Ukaandika dawa. Mtoto aliyefuata, vidole vitatu. Ukaandika nyingine. Nikakuita "Baba" nikiwa nyuma yako, mara mbili. Aliyegeuka ni Topista.

Tukala muhogo, tukazungumzia mvua, nami nikashindwa kusema. Nililia ndani ya basi mpaka Iganga. Miezi yote hii nimekuita mtoro, kumbe simu yenyewe huisikii, na darasa langu usingelisikia.

Nakupenda, na kwa hiyo nasema. Topista ni mwangalifu, lakini hakusomea mioyo ya watoto. Siku vidole vyake vikikosea, atakayezikwa si wewe wala yeye. Acha, Baba. Njoo ukae nasi.

Binti yako, Aber


Walukuba
14 Novemba 2024

Mwanangu,

Marahaba. Umeona, basi. Hata nafuu nimepata, maana kuficha kunachosha kuliko kazi.

Lilianza sikio la kulia, la kushoto likaona wivu. Nilinunua kile kifaa cha kuvaa. Kinaniletea kelele za boda boda zote za Walukuba, ila pumzi ya mtoto hakiniletei.

Unasema niache. Niache niwe nani? Asubuhi kina mama wananiita afande daktari, na nikitembea sokoni napewa nafasi. Huko kwenu nitakuwa mzee wa sebuleni, anayeulizwa kama amekunywa chai.

Nasikia mna semina ya ana kwa ana, yenye mtihani wa kuandika na pointi za kunitosha. Nitakuja. Usinipendelee hata kidogo. Nikishindwa, nitaacha bila neno. Nikifaulu, hutanigusa tena.

Baba yako


Mbale
9 Desemba 2024

Baba,

Shikamoo. Natumaini ulifika salama na koti lilikusitiri na mvua ile.

Ulikaa kiti cha mbele, ukinitazama midomo. Nilijikuta nasema polepole, nikaona haya kwa wengine nikaharakisha, kisha nikarudi polepole.

Umekuwa wa kwanza. Karatasi yako niliisahihisha mara mbili nikitafuta kosa. Naam, nilitafuta, nilitaka ushindwe. Sikupata. Kuhusu mtoto anayehema uliandika vizuri kuliko mimi ninavyofundisha. Pointi zako zimetimia, na sahihi iliyo chini ni yangu.

Mtihani wetu unauliza maradhi, hauulizi masikio. Ningeweza kukuripoti. Kalamu naishika, naiweka chini. Wodini nina watoto wawili kitanda kimoja, darasani nina watu wanaosinzia, na sasa kila simu ikilia kutoka Jinja moyo unanipasuka, nikidhani ni mtoto wa benchi lako. Sina nguvu ya kukuomba tena.

Aber, binti yako


Walukuba
15 Januari 2025

Mwanangu Aber,

Nakusalimu kwa mwaka mpya. Magoti yale yale.

Leseni ilitoka. Niliitundika ukutani nikafurahi kutwa nzima, nikijisemea kwamba mzee bado yumo.

Wiki iliyopita akaja mama na mtoto anayehema. Topista alikuwa amekwenda msibani kwao Budondo. Niliweka stethoskopu kifuani, nikafumba macho kama nilivyozoea. Nikayafumbua. Hapakuwa na vidole vya kutazama. Nilijua kila kilichoandikwa juu ya magonjwa yanayomfanya mtoto aheme, na sikujua wake ni upi. Mama yake ananisemesha, nami natazama midomo yake inavyotetemeka. Niliogopa, Aber, kuliko nilivyowahi kuogopa gerezani.

Niliwapakia kwenye boda mpaka kwa Daktari Mugweri, Bugembe, nami nikafuata nyuma. Akaweka yake, akasikiliza, akaniandikia kwenye karatasi: moyo. Mimi ningempa dawa ya nimonia. Wamempeleka hospitali kubwa, anaendelea vizuri.

Juzi Jumatatu nilisimama mbele ya benchi nikawaambia kuanzia leo waende kwa Mugweri. Topista naye atafanya kazi huko. Leseni nimeitungua, ingawa ni halali mpaka Desemba. Mwambie Tonny nitakuja mwisho wa mwezi, na chai mniulize mara moja tu kwa siku.

Watu walikuja mmoja mmoja kuniaga. Mama mmoja mzee, ambaye binti zake wote niliwazalisha mimi, alinishika mkono akaniambia maneno marefu, machozi yakimtoka. Nilikuwa natikisa kichwa kumwitikia. Sikusikia hata moja, na Topista alipotaka kunieleza, nilimwambia aache.

Baba yako