Herufi Huchorwa kwa Bega

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi, na kabla sijasema lolote nijulishe hali yako. Mgongo umepona, au bado unakaa kwenye kiti cha ofisini kama mtu aliyemeza rula? Wifi hajambo? Na wanangu wawili je, yule mkubwa ameota meno ya mbele au bado anacheka mlango wazi? Waambie shangazi yao anawakumbuka. Sisi huku tu wazima. Baba mguu wa kulia bado anauburuta, na ulimi bado ni mzito, akisema huelewi kama anaomba maji au anakutukana. Lakini anakula, analala, na jana alinifukuza karakanani kwa sababu niliosha brashi yake ya namba nane kwa maji ya moto. Mtu mwenye nguvu za kugombea brashi, kaka, huyo hajambo.

Najua utashangaa kupata barua ya karatasi wakati simu ninayo. Kwenye simu unanikatiza. Sisemi kwa ubaya, ndivyo ulivyo tangu utoto; mimi nikikatizwa napandisha sauti, wewe unakata simu, na mambo yanabaki palepale. Kwa hiyo leo kaa chini usome mpaka mwisho, na usiruke hata mstari, maana kuna jambo zito nimeliweka huko mwishoni. Nilijaribu kuanza nalo, mkono ukagoma.

Ujumbe wako nimeupata. Umesema tarehe thelathini utakuja na lori, umchukue Baba na vitu vyake akaishi kwako, na mimi nimkabidhi mwenye nyumba funguo za karakana. Jibu langu ni hili: lori usikodi. Baba haondoki. Najua umeshakunja uso, lakini subiri.

Nianze na ule ugomvi wetu wa mwezi uliopita. Nilikuambia Baba anahitaji kishikwambi, ukacheka mpaka ukakohoa. Ukasema wewe umefungua matumbo ya kompyuta miaka kumi na tano, na kwa ujuzi wako kishikwambi ni simu iliyovimba, au laptopu iliyovunjika kiuno, na mwenye vile viwili akinunua cha tatu ametafuta tu kitu kingine cha kuchaji. Ukasema hutoi senti yako kwa katuni za kitandani. Nami nakubali, kwako ni kweli tupu. Hata kwangu karibu ni kweli. Mfukoni hakiingii, na kuandika barua ndefu juu ya kioo ni adhabu. Kwa mtu mwenye vidole kumi vinavyomtii na ulimi mwepesi, sioni kazi yake kubwa. Lakini hatukuwa tunazungumza habari zako.

Kumbuka tulivyohangaika. Baada ya kiharusi ulimletea Baba ile simu nzuri ili atuandikie anachotaka. Aliitazama, akaisukuma. Nikampa karatasi na kalamu ya wino mzito. Aliandika herufi moja, akaiangalia kwa muda, akaikunja karatasi akaitia mfukoni. Tulipomwekea ubao wa chaki alifuta kwa mkono wa shati kabla sijasogea nione. Nikafungua ile laptopu uliyoninunulia kwa masomo yangu ya ukatibu, nikamshikisha kipanya. Mkono uko huku, jicho liko kule, na yeye maisha yake yote macho yamekaa kwenye ncha ya brashi. Alikisukuma kikaanguka chini. Halafu siku moja, ghafla, akageuza kiti chake akaelekea ukuta, na ikawa kila siku ni ukuta. Wewe ukasema akili imemtoka. Mimi nikasema labda. Aibu yetu sote wawili, kaka. Mtu tunamjua! Huyu si ndiye Mzee Mstari, aliyefuta bango zima la duka la dawa, siku mbili za kazi, kwa sababu herufi S ilizidi kiuno kwa unene wa uzi? Tulimtaka atuonyeshe herufi zilizopinda, naye akaona bora akae bubu. Na zile herufi za simu je? Nimekuja kujua baadaye kwamba anazidharau. Aliniandikia kwamba R yake ina mguu wa kuku.

Sasa sikiliza. Hospitali walibadilisha mtaalamu wa mazoezi ya viungo, wakamtuma dada mmoja mchangamfu anayetembea na kishikwambi, ndani yake ana picha za mazoezi. Siku ya kwanza alikilaza juu ya meza ya kazi, palepale kwenye madoa ya rangi, akageuka kumfunga Baba mkanda wa bega. Kwenye kioo palikuwa na ukurasa mweupe wa kuchorea, maana kuna wagonjwa huwachoresha duara. Baba akanyoosha mkono. Hakunyoosha vidole, kaka, vidole vimekufa ganzi. Aliukunja mkono kama ngumi, akauweka juu ya kioo, akavuta kwa bega. Mstari ukatokea, mnene, mweusi, ukapinda katikati. Dada yule akagusa pembeni, ukafutika wote, kioo kikawa cheupe kama hakikuguswa. Baba akamtazama. Akavuta mwingine, akafuta mwenyewe. Mazoezi ya siku hiyo hayakufanyika.

Unakumbuka alivyotufunza? Alikuwa anatufunga rula kwenye kifundo cha mkono kwa kipande cha shuka ili kisipinde, akisema vidole kazi yao ni kushika tu, herufi huchorwa kwa bega. Wewe ulilia wiki nzima. Mimi sikulia, kwa sababu mimi alinifunga nikiwa mkubwa zaidi, na pia nilikuwa mkaidi. Basi kiharusi kimechukua vidole, bega kimeliacha. Simu haina nafasi ya bega, ni chombo cha dole gumba. Laptopu imesimama mbele yake kama karani anayetaka kitambulisho. Lakini kile kibapa kinalala mezani kama ubao, jicho na mkono vinakutana mahali pamoja, na kosa likifutwa halibaki hata kivuli cha kumwaibisha. Ndicho nilichotaka kukueleza ulipokuwa unacheka.

Asubuhi ile yote alichora herufi moja, N, akaifuta kama mara arobaini. Dada wa mazoezi aliporudi, Baba akaandika NANI. Yule dada wa watu akadhani anaulizwa yeye ni nani, akajitambulisha upya kwa adabu, jina, cheo na hospitali anayotoka. Baba akapiga ngumi mezani. Siku ya tatu akamaliza sentensi yake yote, na hiyo ndiyo nitakayokuambia mwishoni. Usiende kuitafuta, fuata mstari.

Baada ya hapo sikungoja ruhusa ya mtu. Mpiga picha wa jirani alikuwa na kishikwambi kikubwa na kalamu yake, kimelala kabatini kinakula vumbi. Tukabadilishana, chombo kwa chombo. Ndiyo, kaka, laptopu yako haipo. Pumua. Kile kikalamu tumekizungushia vitambaa mpaka kimenenepa kama mpini wa nyundo, Baba anakishika kwa ngumi, na kazi imerudi. Anachora bango kwenye kioo, anawekea miraba juu yake, mimi nahamisha mraba kwa mraba kwenye ubao kwa chaki, kisha napaka rangi huku amekaa nyuma yangu ananguruma. Nikikosea, ananguruma kwa sauti ya chini; nikipatia, ananyamaza. Bango la kinyozi limeshatundikwa. Mkunga wa mtaa wa pili anataka lake kabla ya wiki ijayo, na fundi wa matairi ameleta ubao mwenyewe. Masomo ya ukatibu nimeyaacha, nakuambia wazi nisije nikaambiwa nilificha. Mimi ni mchora mabango. Kiti cha Baba sasa kinatazama mlango, na wapita njia wanampungia mkono.

Haya. Nimezunguka vya kutosha, na njia ya mwongo ni fupi.

Miezi miwili iliyopita ulinipigia ukaniambia nimuulize Baba kama anakubali kuhamia kwako. Ulisisitiza, ukasema bila ridhaa yake hutamgusa, na mimi nitakuheshimu kwa hilo maisha yangu yote. Baada ya muda nikakupigia, nikasema nimemuuliza, ameitikia kwa kichwa, amekubali. Kaka, sikumuuliza. Asubuhi ile nilikuwa nimefua mashuka mara mbili, nimemvua nimemvisha, amemwaga uji, na darasani nilikuwa nimeshakosa mtihani. Maji yalinifika shingoni. Nilitaka aende. Sikutaka akupende wewe zaidi, wala sikufikiria afya yake kama nilivyokuambia. Nilitaka tu niamke siku moja pasiwe na mtu wa kumwamsha. Nikasema uongo, na ulitoka kinywani kirahisi mpaka nikajishangaa. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa karakana, nimempa mgongo. Nilidhani amesinzia.

Sasa unajua alichoandika siku ya tatu. NANI AMESEMA NIMEKUBALI. Alikuwa amenisikia. Alikaa wiki mbili na swali hilo tumboni, hana ulimi wa kuniuliza, hana mkono wa kuniandikia, na anajua siku yoyote atahamishwa. Ukuta ule, kaka, haukuwa ugonjwa. Alikuwa amenikasirikia mimi.

Nilitamani ardhi ipasuke. Dada wa mazoezi akachukua mkoba wake, kishikwambi akakiacha mezani, akatoka bila kuambiwa. Nikapiga magoti pale kwenye vumbi la chaki, nikamwambia Baba ni mimi, nikamwambia na sababu, yote, hata ile ya kutaka aende. Nilingoja anisukume kama alivyoisukuma simu. Akavuta kishikwambi akaanza kuchora, nusu saa nzima, mimi nalia yeye anafuta na kurudia. Alipomaliza akanigeuzia. Ameandika MWANDIKIE KAKA YAKO.

Mwezi uliopita nilipokupigia kuhusu kishikwambi, hilo ndilo nililotaka kukuambia. Ukanikatiza, nami nikashukuru kukatizwa. Lakini Baba ule ukurasa hakuufuta. Ameuhifadhi, na tulipopata kishikwambi chetu dada wa mazoezi alituhamishia humo. Kila asubuhi, kabla ya chai, anaufungua ananionyesha, wala hagombi, ananionyesha tu kisha anaufunga tunaanza kazi. Ubao wa chaki usingeweza kunifanyia hivyo. Leo alipoufungua nimemjibu kwamba naandika, na nimeandikia mezani pake, mbele ya macho yake.

Kunikasirikia una haki, hata mwaka ukitaka. Nitakuomba msamaha kwa magoti ukija. Ila kwa habari ya kumhamisha, nimekata shauri na sirudi nyuma. Kumvua na kumvisha nitaendelea kwa hiari yangu, na nikichoka nitasema nimechoka, nikuombe uje wiki moja unipokee. Hilo ndilo nililopaswa kusema tangu mwanzo. Funguo za karakana ziko shingoni mwangu.

Ndani ya bahasha utakuta karatasi iliyokunjwa mara moja. Ni ya Baba, ameichora siku nne, na mwenye duka la fotokopi ameichapa bila kubadilisha kitu. Sikumsaidia hata nukta. Nakuandikia maneno yake hapa endapo itachafuka njiani: MWANANGU NJOO. LORI USILETE. LETA WATOTO. MKONO WAKO HAUKUWA MBAYA. NILIKUFUNGA MAPEMA MNO.

Nisalimie wifi, mwambie shuka alizotuletea ndizo zinazofuliwa sana hapa. Wanangu uwabusu kwa niaba yangu, na waje na nguo za kuchafuka kwa rangi. Dada wa mazoezi anakusalimu ingawa hamjuani. Nakutakia mgongo mwepesi na safari njema tarehe thelathini, kwa basi.

Ni mimi mdogo wako mwenye makosa,
Chiriku

Tena: ile M ya MKONO imepinda, utaiona. Nilimwonyesha ili aifute kabla haijachapwa. Aliitazama kwa muda mrefu, akausukuma mkono wangu, akaiacha hivyo hivyo.