Besi Iliyoimeza Sauti ya Moyra

Patearoa, Otago,
New Zealand.
11 Januari 1983.

Shemeji mpendwa Lachlan,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu. Hujambo, na mkeo Una hajambo? Goti lako limekubali ngazi, au bado unapanda kinyumenyume kama ulivyoniandikia? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio ulionishikisha kalamu.

Unaikumbuka amplifaya tuliyoiunda mimi na wewe mezani kwa dada yako Moyra, ile ya valvu, zile taa za kioo, ambayo yeye aliiita jiko la pili kwa joto lake? Tangu tumzike mwezi wa Aprili imenitesa. Besi imezidi. Nikiweka ule mkanda wewe uliomrekodia kanisani, akiimba peke yake na kinanda, zile noti nene za kinanda zinafura na kuvuma sebule nzima, vikombe vinatetemeka kabatini, na sauti yake inazama humo. Namsikia anaanza neno, halafu simsikii tena.

Nimehangaika nayo, we acha tu. Nimebadilisha valvu zote kwa zile za akiba. Nimetoa kapasita kubwa nikatia ndogo. Besi ikapungua kweli, lakini na Moyra naye akakonda, akawa kama anaimba ndani ya kopo, nikazirudisha. Nimezisogeza spika mbali na ukuta na kuziwekea mawe bapa chini. Kazi bure. Jirani yangu Bevan alipita na pai ya nyama, akasimama mlangoni akaniuliza, "Alec, hiyo ni kwaya au trekta?" Nikamwambia ni mke wangu. Hakucheka, akaiweka pai mezani akaenda zake.

Na kila nikijaribu, mkanda unaacha vumbi la kahawia kwenye mashine. Maana yake unaijua kuliko mimi. Unakwisha, na mwingine hatuna.

Sasa sikiliza. Juma lililopita tulikuwa tunanyoa kondoo, mvua ikatukamata kabla ya adhuhuri. Banda likaanza kuvuja, na sufu ikilowa ndiyo basi tena, kwa hiyo nikaburuta magunia manne hadi sebuleni, nikayasimamisha pembeni, mawili huku na mawili kule. Yalinifika kifuani. Wanyoaji walikuwa jikoni wanakunywa chai, nami nikaweka mkanda huku nikingoja mvua ipite.

Lachlan, besi ilitulia. Kinanda kilikaa chini, mahali pake, na Moyra juu yake, neno kwa neno. Hata pale anapovuta pumzi kabla ya ubeti wa tatu. Mama mmoja wa kupanga sufu alikuja na kikombe chake akauliza, "Nani huyo, mzee?"

Kumbe amplifaya haikuwa na kosa. Unajua sebule yetu ilivyokuwa, magunia ya sufu ya dada yako ya kusokotea nyuzi kila pembe, miaka ishirini na sita, na mimi nikilalamika kwamba nyumba inanuka kondoo. Tuliiunda amplifaya na kuisikiliza humo humo, tukajisifu kwa masikio yetu, kumbe sufu yake ndiyo iliyokuwa ikiimeza besi.

Na hiyo sufu niliitupa mimi. Juma moja baada ya mazishi niliyapakia magunia yote kwenye trela niyapeleke shimo la taka. Sikuwa na hasira, shemeji. Nilidhani nisipoyaona nitaweza kupumua. Binti yangu Rhona alinikuta nafunga kamba. Akasema, "Baba, hata mwezi haujaisha, unamfagia Mama?" Nikamjibu ni manyoya tu. Hilo ndilo jibu nililompa mtoto aliyefiwa na mama yake. Akashusha gunia moja, lile la kondoo mweusi, akalitia garini, akarudi kwake mjini Dunedin. Hajanipigia simu tangu siku ile, na mimi kwa ukaidi wangu sijampigia. Majuto ni mjukuu, na wangu haniondokei.

Nakuomba jambo moja. Wewe ni mjomba wake, na neno lako hulisikia. Mweleze yote niliyokuandikia, wala usinipambe. Asidhani nalitaka gunia lake kwa ajili ya amplifaya. Lori likija Ijumaa kuchukua sufu, haya manne hayatoki. Ninayemtaka ni yeye.

Nisalimie Una, na kijana wenu Keir na mapacha wake, na mama mkwe wako kama bado ana kinyongo nami kwa ule mchezo wa karata. Mungu awafunike na awaweke wazima.

Nimesahau kukwambia kuhusu mkanda. Nimeutoa kwenye mashine nikaufungia koponi, maana nadhani umebakiza kupigwa mara moja, labda mbili. Kiti cha Moyra sikukitupa. Nimekiweka hapo kati ya magunia, na sitauweka tena mkanda mpaka Rhona awe amekikalia.

Ni mimi shemeji yako, nikupendaye hata nisipoandika,

Alec Tulloch