Hodi ya Mtakatifu Yosefu

Roccanera, 8 Februari 1987

Mjomba wangu Gaspare,

Shikamoo. Natumaini kifua kimepoa na baridi ya huko Liège haijakuzidi nguvu. Sisi hatujambo, ila mimi nimechoka.

Nimechoka na darasa la kipaimara. Tangu Oktoba nawafundisha fadhila kwa mfano wa Mtakatifu Yosefu: uadilifu, utii, unyenyekevu. Wanazitaja kama wanavyotaja siku za wiki. Juzi nilimwuliza Saro, mtoto wa Bi Filippa muuza mkate, unyenyekevu ni nini. Akasema, "Ni ile ya tatu, mwalimu." Darasa zima likaangua kicheko.

Mama zao ndio wamezidi. Karamu ya Yosefu ya mwezi ujao wameigeuza mashindano. Anayeketi mezani kwa niaba ya Yosefu zamani alikuwa mtu mwenye shida. Siku hizi ni mtoto mwenye nywele nzuri. Mwaka huu nimekataa. Nimemwalika Hedi, Mtunisia anayepogoa mizabibu hapa, yule anayekula peke yake kwenye ngazi za chemchemi. Bi Filippa akanijia juu: "Mwislamu awe Yosefu wetu?" Nikamjibu, "Kwani Yosefu mwenyewe alibatizwa lini?" Padre Liborio alikohoa, akaniruhusu. Ila kasema mambo yakiharibika, darasa atapewa mwingine.

Enzi zenu mlifanyaje?

Mpwa wako,
Ninfa

Liège, 22 Februari 1987

Mpwa wangu Ninfa,

Marahaba. Kifua kinakoroma, lakini hewa inapita. Wasalimie wote nyumbani.

Kabla tetemeko halijatubomolea kijiji na kututawanya, mwenye nyumba alipiga magoti akamnawisha mgeni mikono. Mkate wenye umbo la fimbo ya Yosefu uliwekwa kulia kwake. Mgeni alionja kila chakula, na hakuna aliyetia kitu mdomoni kabla yake, hata mtoto anayelia. Huku ugenini nimeketi kwenye meza nyingi, mwanangu. Sijaona iliyoningoja mimi nionje kwanza. Huyo Hedi umemchagua vizuri.

Ila darasani punguza maneno. Hata mama yako alikuwa hivyo, anaeleza supu mpaka inapoa.

Mjomba wako,
Gaspare

Roccanera, 20 Machi 1987

Mjomba,

Shikamoo. U hali gani? Mimi usiniulize.

Jana ukumbi ulijaa. Tambi zenye chenga za mkate, maharage, shamari, machungwa, kila kitu mezani. Watoto nyuma ya mlango, wanamngoja Yosefu abishe hodi. Desturi unaijua: anabisha, walio ndani wanamfukuza, anabisha tena, wanamfukuza tena, hodi ya tatu mlango unafunguliwa na watu wanashangilia. Haikunijia akilini hata kidogo kwamba yuko mtu asiyelijua hilo. Sikumweleza Hedi. Hata wewe hukunikumbusha.

Akabisha. Saro, ambaye kwenye mazoezi yote ya darasani alikuwa ananong'ona tu, jana alipaza sauti mpaka vioo vikatetemeka: "Hapa hakuna nafasi! Nenda zako!" Wenzake wakaongeza, "Toka! Hatukujui!" Mama zao wakapiga makofi. Tukangoja hodi ya pili.

Tukangoja mpaka tambi zikagandamana. Nilipofungua, sikuona mtu. Kwenye kizingiti palikuwa na kifurushi cha tende, kimefungwa kwa utepe.

Bi Filippa akasema, "Haya, tule basi, mgeni kakataa mwenyewe." Saro akamwambia, "Mama, hatuli. Hajaonja." Akachapwa kofi mbele ya watu. Kila mama akabeba sahani zake nyumbani.

Miezi yote hii nimewafundisha fadhila, mjomba. Jambo moja tu wamelijua vizuri: kufukuza. Pasaka ikipita nampelekea Padre funguo za darasa.

Mpwa wako,
Ninfa

Liège, 27 Machi 1987

Ninfa,

Marahaba. Afya yangu tuiache.

Umenieleza tambi, umenieleza vioo, umenieleza kofi. Hukunieleza ni nani aliyemfuata yule mtu. Au hakuna?

Katika Injili yote Yosefu hasemi hata neno moja. Anaambiwa ondoka, anaamka, anawachukua mama na mtoto, anakwenda. Wewe umeniandikia kurasa nne. Funguo za Padre ziache mfukoni, uvae viatu.

Mimi pia niliwahi kufukuzwa mlangoni huku, mwaka wa kwanza. Mpaka leo nikipita mtaa ule nautazama mlango ule. Hakuna aliyetoka kunifuata.

Mjomba wako,
Gaspare

Roccanera, 4 Mei 1987

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nimekawia kukujibu kwa sababu nilikuwa njiani, kama ulivyotaka.

Padre amenipa hadi kipaimara, baada ya hapo ataona. Niliwaambia watoto naenda kumtafuta Hedi, anayetaka aje. Walikuja sita. Saro alibeba ule mkate wa fimbo wa karamuni, sasa mgumu kama fimbo ya kweli.

Kwanza tulikwenda kwenye kibanda cha mizabibu. Tulimkuta Mtunisia mwenzake, mzee, anasuka kikapu. Akasema, "Hedi amehamia Mazara. Sisi tumefundwa hodi ni mara tatu, lakini mwenye nyumba akikwambia rudi, unarudi. Alifanya adabu tu." Halafu akatazama kikapu chake. "Lakini usiku ule hakula."

Jana tukapanda basi hadi Mazara. Chumba chake kiko juu ya duka la nyavu. Saro akabisha. Ikaja sauti ya Hedi kutoka ndani, kwa lugha yetu ya kijijini, polepole: "Hapa hakuna nafasi. Nendeni zenu."

Sijui ilikuwa hasira au utani. Niliweka sikio mlangoni, sikusikia kicheko.

Agatina, mmoja wa wale sita, akaanza kulia. "Twende, mwalimu. Kwao ukiambiwa rudi, unarudi."

"Kwao," Saro akasema, akiuhamisha mkate bega la pili. "Kwetu bado hodi ya tatu."

Jumapili ijayo tunarudi kubisha tena. Jana ndani ya basi Saro aliniuliza, "Na asipofungua, mwalimu?" Nilikuwa na jibu refu, mjomba, lenye fadhila zote ndani yake. Nikasogea karibu na dirisha ili mkate upate pa kukaa.

Mpwa wako,
Ninfa