Utepe wa Mgeni Rasmi, Mungaa

Shangazi, shikamoo. Upepo wa huku unatia mchanga mpaka kwenye chai, ila kuku wao mtamu, nimenenepa.

Chama chetu cha redio za ridhaa, sisi tunaorusha mawimbi kwa kujifurahisha tu, kimekuja kuhamasisha wananchi wawasiliane kwa mawimbi marefu. Wananchi tuliwaalika kwa WhatsApp. Mawimbi hayo yanataka waya wa antena mrefu ajabu, nami nimeutundika siku tatu, kutoka shuleni mpaka kwenye josho la ng'ombe. Ncha yake ikashuka hadi mezani kwenye redio. Katibu wetu akaifunga maua ipendeze.

Jana mgeni rasmi alifika, kachelewa kwa saa tatu, akauliza, "Utepe uko wapi?" Utepe tulisahau. Akaona waya wenye maua, akanyoosha mkono apewe mkasi. Nikafungua mdomo, Katibu akanikanyaga mguu: "Utamwaibisha mgeni!" Mheshimiwa akakata. Mara ya kwanza ukagoma, ya pili ukakatika, vigelegele! Kisha akahutubia saa nzima kwenye redio iliyokufa, kuhusu umuhimu wa mawasiliano.

Mwenzetu aliyekuwa Itigi kutupokea hewani akapiga simu: "Hotuba nimeipata safi, haina hata mkwaruzo. Cheti changu cha ushiriki msisahau." Katibu ameandika kwamba uzinduzi umefana.

Shangazi, mkasi wenyewe ni ule wako wa kushonea, niliubeba bila kuaga. Nakupenda sana. Nisalimie wote nyumbani, ukianza na yule fundi wa kunoa.

Mwanao, Elia